Deni la Nyumba Iliyovunjika

Soma kwa ajili ya funzo hili: Kum. 24:6, 10–13, 17; 2 Fal. 4:1–7, Neh. 5:1–13, Zab. 37:21, Mit. 6:1–5, 1 Tim. 5:8; Flm. 17–19.

Fikiria mama mmoja wa Mwanza, mwalimu wa watoto katika Shule ya Sabato. Kwa miaka sita alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, akisimama kutwa kwenye baridi na kukata sangara kwa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mumewe alikuwa dereva wa bodaboda, na kila jioni alimpelekea tajiri wake hesabu. Wakaona ni afadhali wawe na pikipiki yao wenyewe, hata kama ni iliyotumika. Mume akakopa shilingi 1,500,000 katika kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wengi wanasali nao kanisa moja, na mke akatia sahihi kuwa mdhamini. Kwenye fomu wakaorodhesha vitu vya ndani kuwa dhamana: televisheni, makochi, friji, kitanda.

Kisha mambo mawili yakaja kwa pamoja. Samaki walipungua ziwani, kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na jina lake likawemo. Miezi hiyohiyo mume akaenda Geita kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu, akaondoka na pikipiki. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye simu zikawa chache, halafu habari zikafika kwa njia nyingine kwamba ana nyumba huko. Hakuna talaka wala shauri mahakamani. Kuna ukimya, watoto watatu, kodi ya chumba, daftari la dukani lenye jina lake, na shilingi 900,000 ambazo kikundi bado kinadai.

Deni hili ni la nani?

Kaka yake anamwambia, “Dada, hilo si lako, mwachie aliyekula.” Mhazini wa kikundi anasema sahihi ni sahihi. Mume, siku alipopatikana kwenye simu, alisema yeye hayupo Mwanza, wamtafute mdhamini. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana mama huyu halali usingizi. Angekuwa mtu asiyejali, swali lisingekuwepo. Limekuwepo kwa sababu anamcha Mungu na amesoma Zaburi 37:21, mahali ambapo asiye haki anatambulikana kwa kukopa na kutolipa. Amejiuliza kama fungu hilo sasa linamsema yeye.

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Je, Biblia inasema nini kuhusu tabia ya marehemu aliyeacha deni?

Yule mume alikuwa mmoja wa wana wa manabii na alimcha Bwana. Mjane anamtaja hivyo mbele ya Elisha, na Elisha hapingi. Hata hivyo alikufa na deni, na mwenye kudai alikuwa njiani kuja kuwachukua wana wawili wawe watumwa. Kwa hiyo kuna kutolipa kwa mtu asiyetaka, na kuna kutolipa kwa mtu asiye na kitu, na Maandiko hayavichanganyi. Mtunga zaburi anamsema yule wa kwanza. Mjane ni wa pili. Mtu aliyepunguzwa kazini na kubaki peke yake na watoto hajawa mwovu siku mshahara ulipokoma.

Elisha pia hakuuliza ni nani aliyekopa, wala alikopa ili afanye nini. Hakutoa somo juu ya hatari ya mikopo kwa mwanamke ambaye watoto wake walikuwa karibu kuchukuliwa. Somo hilo lina mahali pake. Ellen White alilitoa mara nyingi na kwa ukali, akitaka deni likimbiwe kama ugonjwa wa kuambukiza. Wala hakuwa mgeni wa jambo hilo, kwa maana yeye mwenyewe alikopa fedha kugharimia uchapaji wa vitabu na kazi ya injili, na alipofariki mwaka 1915 madeni hayo yalikuwa hayajaisha. Lakini aliyekwisha kuanguka shimoni hahitaji kwanza kuelezwa kina cha shimo.

Basi turudi kwenye sahihi. Mama wa Mwanza aliandika jina lake kwa hiari. Kikundi kisingetoa pesa bila jina hilo. Kwa upande wa kikundi, hawezi kusema halimhusu, hata kama hakuipanda pikipiki hiyo zaidi ya mara tano. Hapo mhazini yuko sawa. Ila kuna hesabu ya pili, ambayo ni kati ya mke na mume, na katika hesabu hiyo mume ndiye mdaiwa: kila shilingi mke anayolipa kwa kikundi, mume anadaiwa na mkewe. Kuhama hakumfutii. Makosa mengi katika mambo haya hutokana na kuzichanganya hesabu hizi mbili. Kaka anaona ya pili tu, akamshauri dada yake akatae ya kwanza. Mhazini anaona ya kwanza tu, akazungumza kana kwamba mwanamume wa Geita hayupo duniani.

Mithali 6:1–5 inamhusu mtu huyu hasa: aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake kwa ajili ya mwingine. Ushauri wake si kwamba alipe usiku huo, kwa kuwa huenda hana. Ni kwamba aende. Ajinyenyekeze, amsihi jirani yake, asiyape macho yake usingizi kabla hajaenda. Mama huyu alifanya kinyume, kama wafanyavyo wengi. Alizima simu. Alipita njia ya nyuma ya soko ili asikutane na wanakikundi. Sabato ya kwanza alisema mtoto ana homa. Sabato ya pili hakusema kitu. Mhazini huketi safu ya pili kutoka mbele, na kutoka safu hiyo mtu akigeuka kidogo anaona kila anayeingia. Darasa la watoto likapewa mwalimu mwingine “kwa muda.”

Wapo watakaosema alikimbia deni. Ni kweli zaidi kusema alikimbia nyuso. Hata hivyo kukimbia huko ndiko kulikogeuza kutoweza kwake kukaonekana kuwa kutotaka, kwa maana kikundi hakiwezi kusoma moyo. Kinaona simu iliyozimwa tu.

Tena kujificha kulimtupa mahali pabaya zaidi. Ili apate cha kupeleka kikundini bila kujieleza, alikopa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, mikopo ile inayoitwa kausha damu, arudishe 360,000 baada ya mwezi. Mwezi ulipoisha hakuwa nazo. Akalipa elfu 60 ya riba, mkopo ukaanza upya. Akifanya hivyo miezi mitano, atakuwa amekwisha kulipa 300,000 na bado anadaiwa 300,000. Wakopeshaji wadogo wenye leseni wanabanwa na Benki Kuu ya Tanzania wasizidishe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo huo ingekuwa shilingi 10,500. Tofauti kati ya 10,500 na 60,000 ni gharama ya kuogopa kumwambia mhazini sentensi moja: “Mama, sina, na nimekuja kusema sina.”

Elisha aliuliza, una nini nyumbani? Swali hilo linastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa kuwa mtu mwenye aibu huwa hajui alicho nacho. Mjane alianza kwa kusema hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta. Mama wa Mwanza naye alisema hana kitu. Lakini alikuwa mwanachama wa NSSF kwa miaka sita. Mtu aliyepoteza kazi bila kuacha mwenyewe, akiwa amechangia miezi isiyopungua 18, ana fao la upotevu wa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwake ni kama shilingi 100,000 kwa mwezi. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa kazini kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, maana yake siku 42. Hakuwa ameuliza. Karatasi za kiwandani zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro.

Alikuwa pia na karai, jiko la mkaa na ujuzi wa samaki. Kila mtu wa Mwanza anayajua mapanki, mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa, ambayo akina mama huinunua, huikaanga na kuiuza mitaani. Alikuwa ameanza kuuza mapanki jioni, na katika wiki nzuri alibakiwa na chochote baada ya mkaa na mafuta.

Siku wanakikundi walipokuja nyumbani na fomu ya dhamana mkononi, waliingia ndani. Televisheni ilikwisha kuuzwa, makochi yalikuwa yamechakaa. Wakachukua friji. Na kwa kuwa friji haikutosha, mmoja akalitazama lile karai.

Soma Kumbukumbu 24:6, 10–13 na 17. Ni mambo gani ambayo mdai amekatazwa, hata kama haki ya kudai anayo?

Mdai hakuruhusiwa kuingia ndani ya nyumba kuichukua rehani. Alipaswa kusimama nje, mwenye nyumba amletee. Vazi la maskini lilirudishwa jua likichwa, na vazi la mjane halikuwekwa rehani kabisa. Na kabla ya hayo yote, katika fungu la 6, jiwe la kusagia halikuwa la kuguswa, wala lile la juu peke yake. Sababu inatolewa hapohapo: kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Mungu hakulifuta deni katika mafungu haya. Aliweka mpaka, kwamba deni lisichukue kile ambacho deni lenyewe lingelipwa nacho, wala mlango wa maskini usiwe wa kila anayemdai. Karai la mapanki ni jiwe la kusagia. Lilikuwepo kwenye fomu au halikuwepo, wana wa Mungu hawalibebi.

Hapa wengine watauliza juu ya agizo la Elisha, maana alisema mafuta yauzwe, deni lilipwe, kisha mjane na wanawe waishi kwa kilichosalia. Je, mdai si wa kwanza na watoto wa pili? Mafuta yale yalitosha yote mawili, kwa hiyo habari hiyo haijibu swali la mtu ambaye mafuta yake hayatoshi. Jibu liko katika sheria ya jiwe la kusagia. Chakula cha watoto na chombo cha kukipatia vinatangulia. Baada ya hapo deni linafuata, kabla ya nguo mpya za sikukuu na kabla ya mchango wa sherehe ambao mtu huutoa asionekane ameshuka. Na zaka? Mkopo si mapato, hauna zaka, wala Mungu hahitaji fungu la kumi la pesa ya mkopeshaji. Faida ya mapanki, hata ikiwa ndogo, ni ongeo, nayo ina zaka yake. Isitolewe tu kama chambo cha kumvulia Mungu, kana kwamba atalazimika kulipa kikundi mwisho wa mwezi.

Sasa mtazame mhazini, kwa maana ni rahisi kumfanya mtu mbaya. Si tajiri wa kudhulumu. Pesa iliyomo kwenye sanduku si yake. Ni ya watu 25: muuza mchicha, mjane mwenye wajukuu, kijana anayelipia ada ya chuo. Mwisho wa mwaka sanduku huvunjwa, kila mmoja apate hisa zake na gawio. Shilingi 900,000 zikipotea, zinapotea kwenye mikono hiyo. Mtu akisimama kanisani na kusema “wamsamehe, ni dada yetu,” anatoa sadaka kwa mfuko wa mwenzake. Rehema ya namna hiyo haimgharimu kitu anayeitangaza.

Soma Nehemia 5:1–13. Nehemia mwenyewe alisimama wapi alipowakemea wakopeshaji?

Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao walikuwa wanakwenda utumwani kwa ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika. Lakini katika fungu la 10 anakiri kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao wamekopesha fedha na nafaka, akataka riba iachwe, wakiwemo wao. Alianza na kilicho chake. Ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza wafafanuzi wengi huichukua kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Kikundi chetu hiki kinatoza asilimia 5, na mtaani huonekana nafuu. Hilo ni la kufikiriwa na vikundi vinavyofungua mikutano yao kwa sala.

Mtu anaweza kusamehe kilicho chake tu. Kanuni hiyo inambana mhazini, na inamfungulia pia njia. Hawezi kusamehe fedha ya wenzake, lakini anaweza kuwauliza, mmoja mmoja, kila mtu ataacha nini kilicho chake. Tuseme mama huyu hatimaye alikwenda, akiwa na karatasi za NSSF na daftari la mapanki, akasema anachoweza. Tuseme wanakikundi, baada ya saa mbili ambazo si zote zilikuwa za upole, waliacha riba na faini, wakabaki na mtaji wao. Friji ikahesabiwa kwa 200,000. Zikabaki 700,000, kwa shilingi 5,000 kila wiki. Hizo ni wiki 140, karibu miaka mitatu, kwa deni la pikipiki ambayo haipo. Si habari ya kufurahisha. Lakini ni hesabu iliyoandikwa mchana, na anayeidaiwa anaweza kuketi safu yoyote kanisani.

Kanuni hiyohiyo inageuka upande wa Geita. Mama huyu alikuwa amesema, “Nimemsamehe, namwachia Mungu.” Maneno mazuri. Anaweza kuisamehe aibu aliyotendewa, na hata pesa anazolipa kwa niaba ya mumewe, kwa kuwa vyote hivyo ni vyake. Chakula cha watoto si chake kukisamehe. Ni haki ya watoto, na aliyepaswa kukitoa ni baba yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba atunze watoto wake, wakiwa anakaa nao au wakiwa kwa mtu mwingine. 1 Timotheo 5:8 inasema zaidi ya sheria hiyo juu ya asiyewatunza walio wake.

Baadhi ya washiriki humzuia mama kama huyu asiende ofisi ya Ustawi wa Jamii, wakinukuu 1 Wakorintho 6. Paulo pale anawaambia waliodhulumiwa wakubali kudhulumiwa. Hakumwambia mzazi akubali watoto wake wadhulumiwe. Wazee wa kanisa wanaweza kutangulia: kumpigia simu ndugu huyo, kuandika kwa kanisa lililo karibu na machimbo, hata kusafiri kwenda kumwona. Wakishindwa, kumwelekeza dada kwenye ofisi hiyo si kuivunja ndoa zaidi ya ilivyovunjika. Watoto watatu wanapata ugali huku mambo mengine yakingoja.

Limebaki lile deni la kausha damu. Kwa hilo wanakikundi hawakuwa na la kufanya. Akina mama wa Dorkasi walikuwa na mfuko mdogo, na mwanamume mmoja wa kanisa, asiyetaka kutajwa, alikwenda kwa mkopeshaji na kulipa 300,000 bila kuuliza ni kosa la nani. Akamwambia mama yule atarudisha akiweza, bila riba. Majirani wa mjane wa Elisha nao walitoa vyombo vitupu tu, wala hawakujua vinakwenda kujazwa nini.

Maswali ya kujadili:

1. Katika darasa lenu, mtu aliyepoteza kazi angemwambia nani kwanza? Kama jibu ni “hakuna,” ni nini kilichofanya iwe hivyo?

2. Soma Filemoni 17–19. Paulo alijitwika deni la mwingine kwa mkono wake mwenyewe, na Mithali 6 inaonya dhidi ya kujifunga hivyo. Ni lini udhamini ni upendo, na ni lini ni upumbavu? Mama wa Mwanza alitia sahihi kwa sababu gani?

3. Tuseme mumewe anatokea Sabato ijayo na pikipiki ileile, anaomba radhi mbele ya kanisa, na wakati huo mkewe amekwisha kulipa wiki 40. Kikundi kimdai nini, mkewe amdai nini, na ni nani mwenye haki ya kusema yamekwisha?